Mshike Mpaka Akojoe

Wewe uliyepiga ile picha, naanza na wewe. Unajijua. Jumanne ya pili ya Aprili, saa nne asubuhi, ulipita juu ya bonde letu la Harkerdale na koti lako jekundu jipya, ukamkuta kondoo amelala chali, miguu yote minne inatazama mawingu. Ukacheka. Ukajipiga picha naye. Ukaiweka mtandaoni na maneno haya: "Kondoo mvivu kuliko wote Yorkshire." Watu mia nne wakaipenda. Mmoja akaandika, "Huyu ni mimi kila Jumatatu." Mwingine akauliza kama anaota jua.

Jua gani, Aprili, Yorkshire? Alikuwa anakufa.

Saa nane mchana nilikuwa mgahawani kwa Beryl nakausha vikombe, simu mkononi, picha yako ikanipitia. Nikautambua ule ukuta wa mawe nyuma yako, wenye pengo ambalo halijazibwa tangu theluji ya mwaka juzi. Nikatupa kitambaa, nikapanda mlima mbio mpaka kifua kikawaka moto. Nilikuta kunguru wawili, na kondoo mwenye jicho moja. Jike. Tumboni mapacha. Huyo alikuwa wa tatu kufa masika haya.

Sasa nikwambie alikuwa wa nani, maana hukuuliza.

Alikuwa wa Thirza Calvert. Miaka sabini na tatu, nyonga mbovu, koti la mvua amelifunga kiunoni kwa kamba ya kufungia majani makavu. Anakaa nyumba ya mwisho kabisa, pale lami inapokata tamaa. Alizaliwa humo humo, chumba cha juu ya jiko. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini anasema, "Niliposwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa wakati wa kuzalisha kondoo. Nani alikuwa na nafasi?" London amefika mara moja, akarudi siku hiyo hiyo.

Kundi lake lilikuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu. Mlima wetu hauna uzio. Kondoo wa Thirza wanajua mwisho wao ni wapi kwa sababu mama zao waliwaonyesha, na mama zao walionyeshwa na bibi zao. Ukiliuza kundi hilo ukaleta jipya, wageni watatawanyika hadi wilaya ya jirani. Kwa hiyo likitoka limetoka. Na ndilo jambo lenyewe: kundi hilo lilikuwa linatoka au halitoki, na tulikuwa tunahesabu.

Tuliingiaje kwenye kuhesabu? Mpwa wake, Clifford. Analima chini bondeni, jina lake liko pamoja na la Thirza kwenye mkataba wa shamba. Si mtu mbaya, na hilo linaniudhi, maana angekuwa mbaya ningejua wa kumtukana. Masika ya mwaka jana Thirza alipoteza kondoo kumi na mmoja kwa kulala chali. Oktoba Clifford akaja mgahawani, akamkuta anakula keki ya matunda na kipande chake cha jibini, akakaa bila kuvua kofia.

"Shangazi, una nyonga moja na mlima mzima. Huwezi kuuzunguka mara mbili kwa siku."

"Naweza."

"Kumi na mmoja, Shangazi."

"Ilikuwa mvua."

"Harkerdale mvua ni habari? Haya, tuwekeane neno. Masika ijayo wakifa kwa chali zaidi ya watano, Septemba kundi linakwenda mnadani. Wakiwa watano au chini, sitafungua mdomo tena mpaka nikuzike."

"Na siku ya kunizika utafungua?"

"Nitasema ulikuwa mbishi."

Thirza akatafuna, akameza, akafuta vidole. Kisha akatema mate kiganjani akanyoosha mkono. Clifford naye akatema. Wakashikana. Kwetu hapa mate yakishakutana viganjani, hakuna wakili wa kuyafuta. Baba yake Thirza alimtoa mbwa wake bora hivyo hivyo, akalia njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini alimtoa.

Huko kulala chali kuna neno lake kwetu. *Rigwelt.* Kondoo wa mlimani anapofika masika ana sufu ya mwaka mzima mwilini. Mvua ikiinyeshea inakuwa kama amebeba gunia la maji. Ongeza mimba. Akiwashwa mgongo anajibiringisha chini ajikune, na kama chini pana kibonde, kwisha habari yake. Hawezi kugeuka. Anarusha miguu, anachoka, tumbo linajaa gesi, gesi inabana mapafu. Ana saa chache, na kunguru hawasubiri ziishe. Huyo ndiye amerigwelt.

Thirza analitumia neno hilo kwa kila kitu. Mpeleka barua alipoteleza kwenye barafu akaanguka na barua zake zote, alirigwelt. Trekta la Clifford lilipolala kwenye mtaro, lilirigwelt, na alilisema akitabasamu. Siku moja aliingia kwetu saa tano asubuhi akanikuta kwenye sofa. "Binti, umerigwelt? Nikugeuze?"

Basi Machi, kabla ya msimu wa watembeaji, alitengeneza kibao. Ubao wa mlango wa zamani, rangi nyeupe, herufi kubwa kama za mnadani. Akaniita nimsaidie kukipigilia kwenye geti la njia ya mlimani. Nikakisoma: UKIONA KONDOO AMERIGWELT, MWINUE.

Nikamwambia, "Bibi Thirza, hawatalielewa."

"Nini hawataelewa?"

"Neno. Hawa watu wanatoka mjini. Andika tu 'amelala chali'."

"Kulala chali analala hata mchungaji wa kanisa baada ya chakula cha Jumapili. Kurigwelt ni kurigwelt."

"Wao hawajui."

"Wataniuliza. Nyumba yangu hii hapa. Mlango hauna ufunguo."

"Hakuna atakayeuliza."

"Basi ni wajinga na hawana adabu. Lete misumari."

Nikaleta misumari. Najilaumu mpaka leo.

Hakuna aliyeuliza. Unajua walifanya nini? Walikipiga picha kibao. Wakapenda herufi zilizokwenda upande, wakapenda hilo neno. Mwisho wa Machi Beryl akachapisha vikombe vyenye neno hilo na kondoo wa katuni miguu juu, ametoa ulimi. Vikaisha kwa wiki moja. Akaleta taulo za jikoni. Mimi ndiye niliyezikunja na kuzipanga dirishani, kwa hiyo usidhani najitoa. Mteja akiniuliza neno lina maana gani, nasema, "Kondoo aliyelala chali." Anasema, "Jamani, anapendeza!" Analipa, anapanda mlima, anapita kando ya kondoo aliyelala chali.

Wa kwanza alikufa hivyo, na wa pili.

Wa tatu ndiye wako wewe wa koti jekundu. Nilimwonyesha Thirza picha yako jioni ile, nikidhani atatukana. Alivaa miwani, akaiangalia muda mrefu, akaweka kidole juu ya kioo cha simu.

"Hapa alikuwa mzima bado," akasema. "Ona sikio. Limesimama."

Akanirudishia simu, akaenda kufunga kuku.

Wiki hiyo hiyo akafika Dakta Lyle, mtaalamu wa lugha kutoka chuo kikuu cha mjini. Kijana kiasi, ndevu fupi, viatu vizuri. Aliona taulo ya Beryl kwa shangazi yake, akaendesha gari saa tatu kuja kumtafuta mtu ambaye bado anazungumza hivyo. Nikampeleka. Akaweka kinasa sauti chake mezani kwa Thirza, kati ya chupa ya dawa ya kondoo na mkate.

"Bibi Calvert, neno hili ulilipata wapi?"

"Kwa baba."

"Na yeye?"

"Unataka nimfukue nimuulize?"

Alicheka, halafu akaeleza, na nakiri alieleza vizuri. Alisema neno hilo lililetwa na watu waliovuka bahari kutoka Norwe zaidi ya miaka elfu iliyopita. Nusu ya kwanza ni mgongo. Ndiyo maana miinuko yetu mirefu tunaiita *rigg*, kwamba ni migongo. Nusu ya pili ni kupinduka, kubiringika. Kupindukia mgongo. Alisema mahali pengine Uingereza watu walishalisahau, kwamba Thirza ameshika mdomoni kitu cha zamani kuliko makanisa yetu mengi.

Nilimwona Thirza. Alikaa wima kidogo, kama mtu aliyeambiwa ukoo wake ni wa kifalme. Akamkatia Dakta kipande kikubwa cha keki. Kwa siku kadhaa alikuwa anasema kwa kila anayekutana naye, "Miaka elfu, unajua? Kabla ya kanisa." Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikakasirika, kwa sababu kondoo wa nne na wa tano walikufa ndani ya siku hizo hizo. Wa nne alikutwa na mvua ya usiku. Wa tano alikuwa hatua thelathini tu kutoka njiani, na siku hiyo nilihesabu watembeaji ishirini na wawili wakipita mgahawani.

Watano. Zilibaki wiki tatu majike wazae wapungue uzito. Thirza akaanza kupanda mlima mara tatu kwa siku. Nilipanda naye nilipoweza. Anatembea kama meza iliyokatika mguu lakini hasimami. Nikimwambia apumzike ananiambia, "Pumzika wewe, una miguu ya kuchezea."

Nikamwambia tena kuhusu kibao. Nikaenda na rangi kabisa. "Tuandike maneno ya kawaida, Bibi. Leo hii."

"Neno la miaka elfu, nilifute kwa sababu ya mtu asiyejua kuuliza?"

"Neno haliwezi kufa kwa gesi!"

"Wewe binti una mdomo."

"Na wewe una kichwa cha jiwe."

"Ndiyo, na ukuta wake haujaanguka. Ondoa rangi yako."

Jumamosi iliyofuata Dakta Lyle alikuwa bado yuko kijijini, amepanga chumba kwa Beryl. Akaamua kupanda mlima peke yake kabla hajarudi mjini. Saa tisa alasiri tulikuwa jikoni kwa Thirza, tumeshuka kutoka zamu ya mchana upande wa pili wa mlima, chai haijapoa. Mlango ukafunguka. Dakta, matope mpaka magotini, uso unang'aa.

"Bibi Calvert! Nimemwinua!"

"Nani?"

"Kondoo! Amerigwelt! Karibu na ule ukuta wenye pengo, kwenye kibonde. Nikasema hili ndilo lenyewe, ndilo neno, liko mbele yangu linapumua! Nikashika sufu kwa mikono miwili, nikamgeuza. Akasimama!"

Fikiria. Mwezi mzima wa watu wanaopita, na mtu mmoja tu ndiye aliyesoma kibao akaelewa akafanya. Mimi nilipiga makofi. Nilitaka kumkumbatia na matope yake.

Thirza aliweka kikombe chini.

"Umemshika kwa muda gani?"

"Kumshika?"

"Baada ya kusimama."

"Sikumshika. Alisimama mwenyewe. Alikuwa anayumba kidogo, nikamwacha, nisimtishe. Nikaendelea mpaka kileleni."

"Saa ngapi?"

"Kama saa tano hivi."

Thirza alishachukua fimbo. Hakufunga hata kamba ya koti. Tulipanda watatu, na Dakta alikuwa anauliza nini kimetokea, nini kimetokea, na Thirza hakuwa na pumzi ya kumjibu, na mimi sikuwa na moyo. Nilijua. Kila mtoto wa bondeni anajua. Kondoo aliyekaa chali muda mrefu, miguu imekufa ganzi na gesi bado imo. Ukimsimamisha ukamwachia, anayumba hatua mbili tatu, anaangukia shimo lile lile. Unatakiwa umbane katikati ya magoti yako, umshike, umsugue mbavu, usubiri. Anacheua gesi. Halafu anakojoa. Akikojoa ujue damu imerudi miguuni, mwachie aende. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka mitano. Sikumbuki kufundishwa. Ni kama kufunga geti nyuma yako.

Alikuwa kwenye kibonde kile kile. Miguu juu. Nyasi pembeni zilikuwa na alama za kwato, hatua tatu hivi, kisha mburuzo. Kunguru waliruka tulipofika.

Dakta Lyle alikaa chini kwenye matope. "Lakini kibao," akasema. "Kibao kinasema mwinue."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anasema tu kilichoandikwa. Na Thirza alisimama pale, anahema, anamwangalia kondoo wake wa sita, na nikaona likimwingia.

"Kwetu ukisema rigwelt umeshasema yote," akasema. "Kuinua, kubana, kusubiri, mkojo. Baba hakuwahi kuniambia 'mshike'. Alisema tu nenda, kuna rigwelt juu huko. Na mimi nikaenda."

"Kwenye kamusi hakuna mkojo," Dakta akasema kwa sauti ndogo.

"Basi liandike, si una kalamu?"

Clifford alikuja jioni ile. Ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyempigia, na nilimwambia vyote kabla Thirza hajafungua mdomo, pamoja na kwamba kosa ni la Dakta. Dakta naye alikuwepo, akasema hivyo hivyo, kosa ni langu bwana, mimi ndiye niliyemwacha. Clifford alivua kofia. Sijawahi kumwona amevua kofia ndani ya nyumba ile.

"Shangazi, huyu tusimhesabu. Huyu ni wa Dakta."

"Alikuwa na alama ya rangi ya nani mgongoni?"

"Yako."

"Basi ni wangu."

"Ninakwambia mimi, niliyeweka neno na wewe. Nalifuta."

"Ulitema peke yako?"

"Shangazi, acha ubishi, nakupa kundi lako!"

"Hunipi changu. Na hukulichukua. Tulishikana mikono." Akageuka, akanionyesha mimi kwa kidole. "Na huyu alikuwa anakausha vikombe, aliona."

Nilisema sikuona kitu. Nilisema kwa sauti. Nilisema siku hiyo sikuwa hata mgahawani. Thirza aliniangalia kama anavyomwangalia mbwa aliyeiba nyama, kwa upole kidogo na bila kumwamini hata chembe.

Ningeweza kuwanyonga wote watatu. Clifford kwa kuja na masharti Oktoba na huruma Aprili. Dakta kwa kujua miaka elfu ya neno na kutojua dakika kumi za kazi yake. Na Thirza. Thirza zaidi ya wote, kwa kile kibao, na kwa hayo mate. Unampenda mtu halafu anasimama mbele yako anajitoa mwenyewe kwenye kitu pekee alicho nacho, na kinyongo hana, kama anafunga geti nyuma yake.

Kundi linaondoka Septemba. Clifford alijaribu tena mara mbili, akachoka. Hakuna jike mwingine aliyekufa tangu siku ile. Waliobaki wamezaa, wana wao wako mlimani sasa hivi wanaonyeshwa mipaka ambayo hawatakuja kuitumia. Thirza bado anapanda. Mara mbili kwa siku, na fimbo.

Jumatatu baada ya yote hayo alikuja mgahawani asubuhi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Ile rangi yako bado unayo?"

Nikaichukua. Tulikwenda getini. Alilifuta neno lote kwa rangi, herufi kwa herufi, akasubiri likauke, akaegemea ukuta. Nilimwambia tuliache hata kwa chini, dogo, jamani ni neno zuri. Nilimaanisha. Masika yote nililipigia kelele, na sasa nilikuwa namwomba alibakize.

"La nini? Watalipiga picha." Akachovya brashi. "Kondoo wa wenzangu bado wako juu. Soma kwa sauti nikiandika, macho yangu hayaoni karibu."

Nikasoma. Kwa hiyo hiki ninachokuomba si changu, ni kilichoko getini sasa hivi, herufi zimekwenda upande kama zamani. Na ninakuomba wewe, wa koti jekundu, na wengine wote mlioipenda ile picha, mahali popote mnapotembea penye kondoo. Ukimkuta amelala chali, miguu juu, ujue hapumziki. Ingia kwenye nyasi, chafua viatu. Shika sufu kwa mikono miwili, mgeuze. Usimwachie. Mbane na magoti, msugue mbavu, hata akikukanyaga. Mshike mpaka akojoe. Halafu ndiyo upige picha.